Maharusi wa Jiwe Letu

Jumamosi ya kwanza walikuja kwa adabu. Mpiga picha alibisha hodi, akamwamkia mama shikamoo mara mbili, akasema wanaomba dakika tano tu kwenye lile jiwe la nyuma ya nyumba. Nyuma yake alisimama bibi harusi amekusanya gauni kwa mikono miwili, na bwana harusi anajifuta jasho kwa leso iliyokuwa imekunjwa vizuri mfukoni kwa ajili ya urembo. Mama akasema karibuni. Dakika tano za mpiga picha si hizi tunazozijua wengine. Waliondoka jua linazama, na Jumamosi iliyofuata wakaja maharusi wa ndoa mbili, kila ndoa na mpiga picha wake, na hakuna aliyebisha hodi.

Nyumba yetu iko Kiseke, kwenye mteremko wa mawe. Marehemu baba aliponunua kiwanja hiki watu walimuuliza kama anataka kulima kokoto. Akajenga nyumba kati ya mawe mawili, na nyuma akaliacha jiwe moja kubwa, bapa kwa juu, pana kuliko sebule yetu. Ukisimama pale unaliona ziwa lote mpaka linapokutana na mbingu. Kwa miaka mingi jiwe hilo lilikuwa na kazi moja: mama alianikia michembe. Anamenya viazi vitamu, anavikata vipande, anavitandaza juani mpaka vikauke kabisa, halafu tunakuwa na kitu cha kutafuna na chai hadi msimu mwingine. Hatukujua kwamba tuna mandhari. Neno hilo tuliletewa na wapiga picha.

Tatizo ni ratiba za harusi za Mwanza. Misa au ibada inakwisha saa nane, ukumbini hawaingii mpaka saa moja au mbili usiku, na katikati hapo maharusi lazima wawekwe mahali. Kamati inahangaika na vyakula, wazee wanaenda kulala kidogo, basi maharusi wanapakiwa kwenye gari lenye maua na kuzungushwa mji pamoja na matarumbeta. Hoteli za ufukweni zina walinzi na masharti. Jiwe letu halina mlinzi. Upande ule baba hakujenga ukuta, aliona jiwe lenyewe linatosha kuzuia wezi. Wezi kweli hawajawahi kupanda. Mabibi harusi wanapanda na viatu virefu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mkuyuni. Wiki nzima nauza saruji, mabati, rangi na misumari, nabishana na mafundi, navuta vumbi. Jumamosi mchana namwachia duka dada anayenisaidia kuuza, narudi nyumbani niweke miguu juu ya stuli na nisimwone mtu. Sina subira, wateja wangu wanajua, na wananivumilia kwa sababu mizani yangu haidanganyi. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafika nyumbani, anakuta watu kumi na wanne waliovaa rangi ya zambarau wamekaa kwenye ngazi zake, na mmoja anamwambia, "Dada, samahani, unaonekana kwenye picha. Sogea kidogo."

Nilisogea. Ilinichukua siku mbili kupata jibu ambalo ningempa.

Mengine yalifuata. Matroni mmoja alianua kanga zangu kwenye kamba kwa sababu zilikuwa zinaharibu picha. Alizikunja vizuri kuliko ninavyozikunja mimi, jambo lililoniudhi zaidi. Bibi harusi mmoja aliomba choo, akaingia na wasaidizi watatu wa kushika gauni, na mlango wetu haukuwahi kutegemea watu wanne. Tuliufungua kwa bisibisi. Bwana harusi mwingine, aliyekuwa hajala tangu alfajiri, aligundua michembe ya mama pembeni ya jiwe. Kila mpiga picha alipomwambia atabasamu, mashavu yalikuwa yamejaa. "Bwana harusi, meza kwanza!" Akawa anameza, anatabasamu, anachukua kipande kingine.

Nikaamua kupigana. Nilichukua kipande cha plaiwudi dukani, nikaandika kwa rangi nyekundu ya mafuta, HAPA SI STUDIO, nikakisimamisha mbele ya jiwe. Jumamosi ile bwana harusi alikiegemea kibao changu, amekunja miguu, miwani ya jua usoni, akapigwa picha. Picha ilisambaa kwenye simu za watu. Kuanzia hapo walikuja wakiuliza, "Kile kibao kipo?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kwa kweli adui yangu mkubwa katika vita hii alikuwa yeye. Mama anasema bibi harusi hapiti kwenye kaya ya mtu na kiu yake, basi kila aliyepanda jiwe letu alimpelekea maji kwenye kikombe cha bati. Bibi harusi alipiga magoti kadiri gauni lilivyomruhusu, akanywa, na mama akamwekea mkono kichwani, juu ya shela, akamwambia, "Wabeja, ng'wanone. Kaone mema." Asante, mwanangu. Yaani yeye ndiye aliyeshukuru! Halafu alibaki amesimama, anamtazama yule msichana wa watu muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Muda huo ndio uliokuwa unaniuma, na lazima niseme kwa nini.

Baba alipomaliza kuipiga rangi sebule, alipigilia misumari mitatu ukutani kwa mstari mmoja. Alisema kila mtoto na msumari wake, wa kutundikia picha ya harusi yake. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo wangu ni wa katikati. Mdogo wangu wa kiume alioa, picha yake ikapanda kulia. Mdogo wangu wa kike akaolewa, yake ikapanda kushoto. Baba akafariki. Mimi nina miaka arobaini na nne, na msumari wa katikati umekaa mtupu. Mama hajawahi kuniuliza habari za ndoa hata siku moja, wala hajawahi kuniambia fulani ana mtoto wa kiume. Lakini mwaka fulani nilitundika pale kalenda ya kiwanda cha saruji, na niliporudi jioni niliikuta jikoni nyuma ya mlango. Jumatatu Jumatatu anapangusa vumbi ukutani: picha ya kulia, picha ya kushoto, na katikati anaupangusa msumari.

Nauza misumari kwa kilo, ya kila inchi. Huo mmoja ulinishinda. Sikuwa na huzuni ya kukosa mume, maana maisha yangu nayapenda na duka langu nalipenda. Huzuni yangu ilikuwa kwamba mama alikuwa ananisubiri nitokee, wakati mimi nilikuwa nimeshatokea zamani, niko pale mezani nakunywa naye chai. Na sasa kila Jumamosi mji mzima ulimletea mabibi harusi mpaka mlangoni, ili asije akasahau.

Basi shangazi akaja.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Anakaa kijijini upande wa Bujora, na macho yake yana ukungu. Anasubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Muuza maziwa wa kijijini kwake alipita Kiseke Jumamosi moja, akaona magari yenye maua mbele ya nyumba yetu, akasikia matarumbeta, akapiga hesabu. Kwenye nyumba ile aliyebaki bila ndoa ni mmoja. Akarudi akampelekea shangazi habari: binti wa kaka yako ameolewa.

Harusi kwetu bila shangazi ni tusi. Shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi, ndiye anayemtoa ndani, ndiye anayejua cha kumwambia bwana harusi ambacho mama mzazi anaona haya kukisema. Sasa yeye alikuwa amerukwa, na habari ameipata kwa muuza maziwa! Hakupiga simu. Mtu aliyekuficha harusi humpigii simu, unamwendea. Alikaa na hasira yake wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata akaja na wake wa wanawe wawili, ambao hawajawahi kuniona, pamoja na kuku, kapu la mchele na doti ya kitenge, kwa sababu shangazi anaweza kukasirika lakini hawezi kuja mikono mitupu. Alikuja kutugombeza kwa harusi iliyopita. Akakuta matarumbeta yanalia na bibi harusi yuko juu ya jiwe.

Mimi nilikuwa jikoni na ungo wa michembe niliyokuwa nimewahi kuianua kabla haijaliwa. Mama alikuwa chumbani anatafuta kikombe chake cha bati. Nikasikia kigelegele ninachokifahamu tangu utotoni. Nilipochungulia dirishani, shangazi alikuwa ameshapandishwa juu ya jiwe na wakwe zake, amemfunika bibi harusi kitenge mabegani, na analia na kugomba kwa pamoja.

"Umeolewa kama mtu anayeiba!" alimwambia. "Mimi nimekukosea nini?"

Bibi harusi akapiga magoti palepale. "Shikamoo shangazi. Tusamehe, shangazi."

Nilielewa papo hapo kilichokuwa kinatokea. Bibi harusi alidhani huyu ni shangazi wa mumewe ambaye hajatambulishwa. Bwana harusi alidhani ni shangazi wa mkewe. Na kwa malezi yetu, nani atamuuliza mama mtu mzima mwenye kuku kwapani, "Samahani, wewe ni nani?" Kwa hiyo wote wawili wakainamisha vichwa, wasimamizi wakainamisha vichwa, hata mpiga matarumbeta akakishusha chombo chake. Mpiga picha peke yake aliendelea na kazi.

Nilipaswa kutoka mbio. Nilicheka kwanza, nimejiziba mdomo kwa kanga. Halafu shangazi akamgeukia bwana harusi, akaanza kumweleza amepata mke wa namna gani, na kicheko kikaniisha.

"Huyu ndiye aliyemuuguza kaka yangu," alisema. "Miezi yote ile. Alikuwa anambeba mgongoni kumpeleka juani, hapahapa kwenye jiwe. Unasikia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wadogo zake wamesoma kwa mkono wake. Ana mdomo mkali, nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Lakini moyo wake hauna kona. Ukimtesa huyu, mimi nitakuja."

"Sitamtesa, shangazi."

Nilisimama dirishani na ungo wangu. Miaka kumi tangu baba aondoke, hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo, na sasa yalikuwa yanamiminwa kwa mtu mwingine. Mtu akikusema vizuri usipokuwepo, ni vigumu sana kuingia umkatize. Nikamwacha aendelee.

"Tena hategemei mtu," shangazi akasema. "Ana duka lake la misumari."

Bwana harusi akainua kichwa. "La misumari?" Akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye. Niliona jinsi kila mmoja anavyojiuliza mwenzake amemficha nini.

Matroni akajipa moyo. "Samahani, shangazi yetu. Wewe ni wa upande gani? Wa bibi harusi au wa bwana harusi?"

"Upande gani!" Shangazi alishangaa kweli. "Upande wa mwenye jiwe!"

Hapo nikatoka. Nilikuwa na ndala miguuni, kanga iliyochakaa kiunoni, ungo mkononi. Shangazi alinikodolea macho yake yenye ukungu, akamuuliza mkwe wake, "Na huyu mfanyakazi anataka nini?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

Alimtazama aliyevaa shela, akanitazama mimi, akatazama tena. "Kwa hiyo harusi hii si yako."

"Si yangu."

"Na ya Jumamosi iliyopita?"

"Nayo haikuwa yangu, shangazi."

"Mna harusi kila Jumamosi, na hata moja si yako?"

Wapambe wakaangua kicheko. Siwalaumu, hata mimi ningecheka kama lingekuwa jiwe la jirani. Lakini mama alikuwa ametokea mlangoni na kikombe chake cha maji, na alikuwa amesikia. Akainamisha macho kwenye kikombe. Niliona aibu, na nilikasirika kwa kuona aibu, na nilitamani niwafukuze wote na matarumbeta yao mpaka ziwani.

Bibi harusi alikuwa mtu mwema. Alikivua kitenge mabegani, akakikunja, akampa shangazi kwa mikono miwili, amepiga magoti. Shangazi akakipokea. Alikipapasa kidogo, kama anayekumbuka alikinunua wapi. Kisha akanifuata pale niliposimama, akanifunga mabegani, akakaza fundo mpaka nikakohoa.

"Shangazi, mimi siolewi," nikamwambia.

"Nani kakuuliza?" alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mama mlangoni. "Kitenge nilimnunulia mtoto wa kaka yangu. Sikuinunulia harusi."

Mpiga picha akalitazama jua, maana watu wale hata msibani wanalitazama jua, akasema mwanga huu ukipotea haurudi. Bibi harusi akasema, "Wapige kwanza wenye nyumba." Mama alikataa, hajavaa vizuri, nywele zake hazijafungwa. Shangazi akamvuta mkono. Tukapandishwa kwenye jiwe letu wenyewe na watu tusiowajua, tukapangwa, tukaambiwa tuinue kidevu. Na kuku, ambaye wakati wa vilio alikuwa amewekwa chini na kusahauliwa, akajikung'uta na kuanza kutembea taratibu juu ya mkia wa gauni jeupe, akiacha alama kila hatua. Matroni akapiga ukelele. Nikacheka kwa sauti yote niliyonayo, na mpiga picha akabonyeza.

Wiki tatu baadaye aliileta, kubwa, kwenye fremu nzito ya mbao, akasema ni zawadi ya maharusi. Mimi niko katikati, nimefunikwa kitenge, ungo mkononi, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Shangazi anatabasamu kwa heshima kuelekea mahali ambapo aliamini kamera ipo. Mama haangalii kamera. Ananitazama mimi, kama anavyowatazama wale wa maji ya kikombe.

Mama akasema ni picha nzuri. Niliiegemeza juu ya kabati la vyombo na kuiacha hapo, maana ukutani palikuwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo niliijua ni ya nini. Ilikaa pale siku kadhaa. Mimi nilikwenda dukani na kurudi, na hatukuizungumzia.

Alhamisi moja dada wa dukani akaniuliza kama tunajenga nyumbani. Kwa nini? "Mama alinipigia simu. Kataka msumari mmoja wa inchi nne. Nikamwambia kwa fremu hata wa mbili unatosha, akasema anataka usiong'oka. Nimempelekea kwa bodaboda."

Jioni nilikuta picha iko ukutani, katikati, kati ya ndoa mbili za wadogo zangu. Imekaa upande kidogo, maana inchi nne ukutani si mchezo na aliyepigilia ana miaka sabini na moja. Plasta ilikuwa imemwagika sakafuni. Mama alifungua pindo la kanga yake, akanipa msumari wa zamani, wenye kutu.

"Huu ni wa baba yako," alisema. "Ulikuwa mfupi. Usije ukauchanganya na ya dukani ukauuza."

Maharusi bado wanakuja. Kibao changu kipo, watu wangelalamika kikiondolewa, na Jumamosi siku hizi nachota maji mimi, magoti ya mama yamechoka kupanda. Lakini ninayoikumbuka ni Jumapili moja, jumuiya ya kanisa iliposali nyumbani kwetu. Mama mmoja, mgeni mtaani, alizitazama zile picha tatu kwa zamu, akafika ya katikati, akakitazama kitenge, akasogea karibu kabisa.

"Hongereni," akasema. "Na bwana harusi wa huyu mbona simwoni?"

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaacha kumimina.

Mama akaitazama ile picha, akaikagua kutoka pembe hadi pembe: shangazi, mimi, ungo, yeye mwenyewe, na kule chini mkia wa kuku.

"Jiwe limejaa," alisema. "Angekaa wapi?"